Bonde Alilolifuta Griet Visagie

Jina lake kamili ni Magrieta Visagie, lakini mji mzima wa Carnarvon unamwita Griet. Alikuwa na miaka kumi na saba alipowekwa kwenye meza ya kupangia sufu katika shamba moja nje kidogo ya barabara ya Williston, na hakuondoka kwenye meza hiyo kwa miaka ishirini na mbili. Baba yake alikuwa mnyoaji wa kondoo. Kaka yake Apools akawa mnyoaji. Mama yake, Siena, ndiye aliyemfundisha kupanga.

Kupanga sufu si kazi ya mikono, ni kazi ya macho. Mnyoaji anatandaza manyoya ya kondoo mzima mezani kama mtu anayetandika shuka, na kabla hajamkamata kondoo mwingine, mpangaji awe ameshaamua: hii ya daraja la kwanza, hii ya tatu, hii ya tumboni ina miiba, iende kule. Griet alikuwa akichomoa kishungi kimoja, akikiinua kwenye mwanga wa dirisha kutazama mawimbi yake, kisha akikivuta karibu na sikio asikie kama kinalia au kinakatika. Sufu njema hulia. Siena alikuwa na sheria moja tu, na hakuwa na masihara nayo: sufu iliyopangwa na macho yenye machozi ipangwe upya. Yawe machozi ya moshi, ya vumbi au ya msiba, ni mamoja. Robota la sufu lifunguliwe, kazi ianze upya.

Kisha mashamba yale yakauzwa ili zijengwe antena. Wenye kondoo wakaenda na kondoo wao. Apools akawa mtu wa kufuata misimu, mwezi huu Fraserburg, mwezi ujao Calvinia, akirudi nyumbani na begi la nguo chafu na ulimi mkali zaidi kuliko alivyoondoka nao. Griet alikuwa na miaka thelathini na tisa na cheti cha shule ya sekondari alichokitunza ndani ya Biblia, kwa hiyo tangazo lilipobandikwa kwamba kituo cha antena hizo kinatafuta wakaguzi wa michoro, akajifuta mikono na kwenda.

Waliojitokeza walikuwa ishirini na wanane. Aliyewasaili alikuwa msichana mwembamba wa Kixhosa kutoka pwani ya mashariki, Nolitha Gqirana, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Alimpa kila mtu michoro ishirini na kumwambia aitenge inayofanana. Wengi walisoma namba zilizoandikwa pembeni. Griet hakuzitazama namba. Aliinua kila karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitupa huku na kule, na dakika nne baadaye kulikuwa na mafungu manne mezani.

"Umeyatenga kwa kutazama nini?" Nolitha akamuuliza.

"Mikunjo yake, dada. Hii ya huku inakunjamana vizuri. Hii mtu kaivuruga."

Nolitha akacheka, akaandika jina lake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Antena kule jangwani husikiliza mawimbi ya redio yanayotoka mbali kupita kiasi, hasa ya gesi ya hidrojeni, ambayo imejaa ndani ya galaksi, yale makundi ya nyota kwa mabilioni. Kila usikilizaji hutoa mstari kwenye kioo cha kompyuta, mrefu na mtambarare kama nchi yetu hii. Lakini dunia ina makelele: ndege zinapita, setilaiti zinaongea, mtu na simu yake, mtu na jiko lake la umeme. Kila kelele huota kwenye mstari kama mwiba, na pengine programu ya kompyuta ikijaribu kuusawazisha mwiba huacha shimo. Mkaguzi anatazama, na ana vitufe viwili tu: SAFI na KELELE. Ukibonyeza KELELE, kipande kile kinatolewa kwenye hesabu na hakuna atakayekitazama tena.

Griet aliifanya kazi hiyo kwa miaka saba, na Nolitha, aliyekwishakuwa daktari wa elimu ya nyota, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkaguzi bora nchini ni mama mmoja wa Carnarvon aliyejifunzia kwenye mgongo wa kondoo.

Mwaka wa saba, mwezi wa Aprili, Siena alianguka jikoni. Alilala hospitalini siku kumi na moja bila kusema neno. Walimzika Jumamosi kando ya mumewe, katika lile shamba la zamani, ambalo sasa liko ndani ya uzio wa kituo. Ruhusa ilitolewa bila taabu, ila waombolezaji wote walitakiwa kuziacha simu kwenye sanduku getini, na magari ya petroli yasisogee karibu, maana cheche zake nazo ni kelele.

"Hata kulia siku hizi tuombe kibali," Apools alisema, akitupa simu yake sandukuni kama mtu anayetupa mfupa.

"Kaka, leo usianze."

"Sijaanza mimi. Walioanza ni wao."

Jumatatu Griet alikuwa kazini. Wenzake walimpa pole, wakamwekea chai, na yeye akakaa mbele ya kioo chake akaanza kubonyeza. Wiki ile alikagua michoro mia mbili na kumi na miwili. Hakuchelewa hata siku moja.

Miezi ikapita. Kitu kilikuwa kikimkereketa Griet, na hakukijua ni kitu gani mpaka asubuhi moja ya Agosti, baridi kali, barafu kwenye ndoo, alipokuwa akikunja blanketi la mama yake kulitia kabatini. Akasimama nalo mikononi. Mia mbili na kumi na miwili, na hakukumbuka hata mmoja.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mkuu wa utafiti, Dokta Ruben Oosthuizen, mtu mrefu aliyekunja mabega kana kwamba milango yote duniani ni mifupi. Akamwomba arudie kazi ya wiki ile ya Aprili. Hakusema kwa nini.

"Bi Visagie, tuna michoro elfu nne kwenye foleni ambayo haijatazamwa hata mara moja. Nikuruhusu utazame mia mbili mara ya pili?"

"Nilikuwa nauliza tu, Dokta."

"Sawa. Basi tuendelee na foleni."

Hakubishana. Ila tangu siku hiyo alikuwa akibaki ofisini saa ya chakula cha mchana, mkate na nyama baridi ya kondoo kwenye leso mapajani, akifungua michoro ya Aprili mmoja mmoja. Michoro mitano, siku nyingine minne. Mingi ilikuwa sawa: mikono yake ilikuwa imefanya kazi hata pale macho yalipokuwa kaburini. Mmoja ulikuwa na kosa dogo, akausahihisha. Mwishoni mwa Septemba akaufikia ule wa mia na arobaini na sita.

Ulikuwa wa galaksi isiyo na jina, namba ndefu tu. Katikati ya mstari palikuwa na bonde jembamba lenye kina, ambalo kila mkaguzi analijua: gesi ya galaksi imesimama mbele ya kitovu kinachong'aa kwa mawimbi ya redio, nayo inameza sehemu ya mwanga huo. Hapo hapakuwa na shida. Lakini upande wa kulia wa bonde hilo mstari ulibonyea tena, kidogo sana na kwa upana mkubwa, kama godoro alilolalia mtu kisha akaamka. Na juu ya sehemu hiyo palikuwa na alama yake mwenyewe: KELELE, M. Visagie, na tarehe.

Mkaguzi yeyote angebonyeza hivyo. Mwongozo wenyewe ulisema mabonyeo mapana na mepesi ni makovu ya makelele. Lakini Griet aliutazama mstari ule mpaka mkate ukakauka. Kovu la kelele huwa na kingo. Bonyeo hili halikuwa na kingo. Lilikuwa likishuka polepole, likipanda polepole, kama kitu kilichozaliwa hivyo.

Akaufunga mchoro, akarudi kwenye foleni. Unaanzaje kusema? Kwamba ulikuja kazini na hukuwapo?

Bahati, kama ni bahati, galaksi ile ilikuwa kwenye ratiba ya kusikilizwa tena mwezi wa Oktoba. Mchoro mpya ulipokuja, bonyeo lilikuwepo. Griet akaichapisha michoro yote miwili kwa kipimo kimoja, akaichukua nyumbani, akatoa jikoni ile karatasi nyepesi ya kuokea biskuti, akaiweka juu ya mchoro wa Aprili na kuufuatisha kwa penseli: bonde jembamba, bonyeo pana, na miiba mitatu ya setilaiti. Kisha akaitelezesha karatasi juu ya mchoro wa Oktoba.

Miiba ilipokaa juu ya miiba, mabonde hayakukaa. Yalikuwa yamesogea, yote mawili, upana wa ukucha wa kidole gumba. Akaisukuma karatasi mpaka bonde jembamba likakaa juu ya jembamba mwenzake. Bonyeo pana nalo likakaa. Miiba ndiyo ikatoka mahali pake.

Akarudia hivyo mara sita. Apools, aliyekuwa nyumbani baina ya misimu, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni.

"Sasa karatasi ya biskuti imekuwa ya kuchezea?"

"Kaka, nyamaza kidogo. Njoo utazame. Hivi viwili vinatembea pamoja au macho yangu?"

Apools akainama, akiwa na harufu ya tumbaku. Macho yake pia yalikuwa ya banda la kunyolea.

"Vinatembea pamoja," akasema. "Hao ni kondoo wa zizi moja. Miiba ndiyo ya jirani."

Asubuhi yake Griet alisubiri Nolitha aweke mkoba chini, akamtandazia karatasi mezani.

"Dokta, nitakuonyesha kitu, halafu nitakuambia kosa langu. Tuanze na kipi?"

"Tuanze na kitu, dada Griet. Kosa halikimbii."

Nolitha akaisukuma karatasi kushoto, akaisukuma kulia. Kisha akavuta kiti na kukaa.

"Unajua kwa nini yamesogea?"

"Sijui. Najua tu yamesogea pamoja."

"Dunia inalizunguka jua. Aprili tulikuwa tukiielekea galaksi ile, Oktoba tunaipa kisogo. Sauti ya kitu unachokiendea hupanda kidogo, ya unachokiacha hushuka. Kelele ya hapa kwetu inasafiri pamoja nasi, haibadiliki. Kinachosogea kiko huko nje." Akagonga bonyeo kwa ncha ya kalamu. "Hii ni gesi, dada. Inatoka kitovuni na kuja upande wetu mbio. Kuna shimo jeusi mle ndani, linaisukuma. Watu wanazitafuta hizi miaka nenda miaka rudi, nyepesi kama hivi hazionekani. Nani aliifuta Aprili?"

"Ndilo kosa lenyewe," Griet akasema.

Wakaingia pamoja kwa Dokta Oosthuizen. Aliitazama karatasi ya biskuti kwa muda mrefu, akaigeuza, akaiweka chini.

"Kila mwezi mtu ananiletea bonde," akasema, si kwa ubaya. "Upana wa ukucha kwenye kitu chepesi namna hii, jicho linaweza kuona linachokitamani. Inawezekana ni ile nyota ya kupimia, tunayosawazishia antena, ndiyo iliyoingiliwa na kelele, mara zote mbili. Usikilizaji wa kwanza umekwishafutwa. Aliyeufuta ni nani?"

"Mimi, Dokta."

"Tarehe?"

"Ishirini na tano Aprili. Nilikuwa nimemzika mama siku tano kabla."

Oosthuizen akavua miwani. Alikuwa na sura ya ajabu bila miwani, kama mtu aliyeamshwa.

"Nani alikuambia uje kazini?"

"Hakuna aliyenikataza."

"Ningejua, ningekurudisha nyumbani."

"Ungenirudisha, Dokta, ningekaa nikitazamana na kiti chake. Nilikuja kwako Agosti kuomba nirudie. Nilipaswa kusema sababu, sikusema. Mficha uchi hazai. Sasa nimesema."

Nje mtu alikuwa akivuta mpira wa maji juu ya kokoto.

"Tutasikiliza mara ya tatu," Oosthuizen akasema hatimaye. "Kwa nyota nyingine ya kupimia, tofauti kabisa. Bonyeo likiwepo, nitaomba radhi kwa ukucha. Na Bi Visagie, michoro iliyobaki ya wiki ile, irudie saa za kazi. Si saa za kula."

Nafasi ilipatikana Januari, kwa sababu utafiti wa watu wengine uliahirishwa. Joto lilikuwa digrii arobaini na moja, mbwa wamelala barabarani kama waliokufa. Antena za redio hazijali jua, kwa hiyo usikilizaji ulianza saa nne asubuhi na kwisha saa kumi jioni, na Griet aliushuhudia mstari ukijichora kidogo kidogo kwenye kioo, Nolitha amesimama nyuma yake akitafuna kucha. Mwanzoni hakikuonekana kitu, vumbi tu la mstari. Kufika saa nane mchana bonde jembamba lilikuwa limezama. Kufika saa tisa na nusu, upande wa kulia, godoro lilibonyea.

Oosthuizen alitoka ofisini mwake, akatazama, akanyoosha kidole gumba mbele ya uso wake, akautazama ukucha.

"Samahani," akauambia.

Jumapili iliyofuata Griet alimwalika Nolitha kula. Alipika mbavu za kondoo na maboga ya mdalasini, na Apools akaoka mikate juu ya makaa uani, kazi ambayo haachi mwanamke aiguse. Nolitha alipoingia, Apools alimwinamia kwa heshima ya kupindukia.

"Karibu, Daktari. Mgongo huu umenyoa kondoo miaka thelathini, unauma hapa chini. Una dawa?"

"Mimi ni daktari wa nyota, kaka."

"Basi mgongo wangu hauko mbali. Utazame hata kwa darubini."

Walikula. Apools akamwachia mgeni mbavu nzuri, kisha akaanza, kama Griet alivyojua ataanza.

"Nifafanulie hilo shimo lenu. Nasikia linameza kila kitu, halafu dada yangu ananiambia linasukuma nje. Lipi ni lipi? Mtu hawezi kumeza na kupuliza kwa wakati mmoja. Nimejaribu na supu."

"Linameza," Nolitha akasema, "lakini mdomo wake ni mdogo kuliko uroho wake. Gesi inaposhuka haianguki moja kwa moja, inazunguka, inasuguana, inawaka. Kabla haijafika mdomoni, sehemu yake inatemwa kwa mikuki miwili ya moto, huku na huku. Mkuki ukipiga gesi ya galaksi, unaisomba. Ile ya dada Griet inakwenda kilomita mia sita kwa sekunde moja."

"Hapa mpaka Cape Town."

"Kwa sekunde moja."

"Bila kusimama Beaufort West kujisaidia?"

"Bila kusimama."

Apools akapiga mluzi. "Na gesi yenyewe ina faida gani? Si hewa tu?"

"Nyota zinazaliwa na gesi, kaka. Gesi baridi, iliyotulia. Ukiitoa nje, au ukiibakiza ndani lakini ukaipasha moto, nyota mpya hazizaliwi. Zilizopo zinaendelea kuwaka mpaka zizeeke. Ukiitazama galaksi ya namna hiyo unaona wazee watupu."

"Mimi naijua miji ya namna hiyo," Apools akasema. Akavunja mkate. "Na shimo?"

"Linabaki na njaa. Lilichokisomba ndicho chakula chake."

Apools akacheka mpaka makombo yakamtoka. "Uroho mbaya! Mama alikuwa akituambia. Eh, Griet? Haya, na ile gesi, inarudi?"

"Hapo ndipo ninapogombana na Dokta Oosthuizen," Nolitha akasema. "Yeye anasema imekwenda moja kwa moja, galaksi imekwisha. Mimi nasema iliyo nyingi itachoka njiani, ianguke tena ndani."

"Lini?"

"Baada ya miaka milioni mia moja. Milioni mia mbili."

"Mnagombania hilo? Watu wazima?" Kicheko kikamrudia, lakini safari hii kilikatika mapema. Akaweka kisu chini. "Daktari, mimi swali langu ni fupi zaidi. Kondoo waliondoka hapa miaka minane iliyopita. Wanyoaji wameondoka. Nyumba tano za mtaa huu zina kufuli. Dada yangu amepata kazi, namshukuru Mungu. Wengine je? Nao watarudi?"

Griet alitaka kuingilia, ili mgeni asiaibike mezani kwake. Nolitha akatikisa kichwa.

"Sijui, kaka," akasema. "Ningekuambia uongo mzuri. Sijui."

Apools alimkazia macho. Kisha akainuka, akaenda uani, akarudi na mkate wa mwisho, ule uliokauka vizuri pande zote, akauweka kwenye sahani ya Nolitha.

"Watu wa kituo wamekuja hapa mara nyingi," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kusema neno hilo. Kula."

Griet hakulala usingizi wa mchana siku ile kama kawaida yake ya Jumapili. Jumatatu aligonga mlango wa Oosthuizen.

"Dokta, nina ombi. Kitufe cha tatu."

"Cha nini?"

"Cha SIJUI. Ningekuwa nacho Aprili, pengine ningekibonyeza. Tuna SAFI, tuna KELELE. Mtu asiye na hakika anasukumwa aseme uongo wa huku au wa kule."

Oosthuizen akalalamika kwamba vitu vyote vitamiminika humo, kwamba itakuwa pipa la takataka, kwamba yeye ndiye atakayevitazama vyote. Alilalamika kwa muda mrefu kiasi kwamba Griet akajua ameshakubali.

Makala yao yalichukua mwaka na nusu. Nolitha aliomba antena za Chile, zilizoko juu ya uwanda mkavu wa milimani, ziitazame galaksi ile kwa aina nyingine ya mawimbi yanayoonyesha gesi baridi zaidi, na jibu lilipokuja halikumpendeza mtu yeyote kikamilifu. Katika kitovu, Oosthuizen alikuwa amesema kweli: gesi inayotosha kuunda majua ishirini ilikuwa ikisombwa kila mwaka, na hapakuwa na nyota changa mle. Lakini nje ya kitovu, kwenye mikono ya galaksi, nyota zilikuwa zikizaliwa kana kwamba hakuna kilichotokea, na katika gesi yote iliyosombwa ni kama sehemu moja ya kumi tu iliyokuwa na mbio za kutosha kutoka kabisa. Iliyobaki itarudi. Oosthuizen alisema sehemu moja ya kumi kwa miaka milioni kadhaa si kitu kidogo. Nolitha alisema hajawahi kudai ni kitu kidogo. Wanabishana mpaka leo, ila siku hizi wanabishana wakila pamoja.

Ugomvi wa kweli ulikuwa juu ya majina. Rasimu ya kwanza ilimweka Griet mwishoni kabisa, kwenye mstari wa shukrani, baada ya mafundi wa umeme. Ndiyo desturi, na hakuna aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Nolitha alikuja juu. Oosthuizen akasoma rasimu tena, akamwita Griet na kumwambia jina lake litakuwa la tisa kati ya kumi na manne.

"Nina sharti," Griet akasema.

"Watu huwa hawaweki sharti hapa, Bi Visagie. Husema asante."

"Asante. Sharti langu ni iandikwe kwamba usikilizaji wa kwanza ulifutwa kwa makosa, na aliyeufuta ni mmoja wa waandishi."

"Si lazima. Hakuna atakayeuliza."

"Atakuja mtu mwingine mwenye bonde kama hili na mwongozo kama ule. Ajue linafutika. Ajue limewahi kufutwa na mtu anayejua kazi."

Likaandikwa. Ni sentensi mbili, ukurasa wa nne.

Apools alipelekewa nakala. Aliisoma yote, maneno asiyoyajua akiyaruka kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na alipofika ukurasa wa nne akavua kofia, ingawa alikuwa ndani ya nyumba na peke yake na dada yake.

"Mama angelifungua hili robota," akasema.

"Angelifungua."

Hakuzipenda antena, na hazipendi hadi leo. Msimu ulipofika alikwenda Calvinia na begi lake. Nolitha yuko Chile kwa miaka miwili, na huandika barua akilalamika kwamba huko hakuna mtu anayejua kuoka mkate juu ya makaa. Griet ana wanafunzi watatu wa ukaguzi, wawili kati yao watoto wa wanyoaji.

Kitufe cha SIJUI kinatumika. Mwezi wa kwanza kilibonyezwa mara sitini na moja, na Oosthuizen aliitazama michoro yote, akinung'unika ili kila mtu ofisini asikie. Hamsini na minane ilikuwa makelele ya kawaida. Miwili ilikuwa hitilafu ya antena moja, ikatengenezwa wiki ile ile. Mmoja uliobaki una kitu kama tuta dogo mahali pasipostahili kuwa na tuta. Umeshatazamwa na watu tisa, na kila mmoja ameurudisha kwa Griet ukiwa na alama ile ile.